Jua la Kuazima

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi, zipokee kwa mikono miwili maana moja haitatosha. Mimi baba yako ni mzima, isipokuwa mgongo. Simu usinipigie, sikio la kulia limestaafu na la kushoto linasikia linalotaka. Barua naishika mkononi, naisoma kwa kidole, hakuna wa kunikimbiza.

Sasa sikia nilivyotukanwa hospitali. Yule daktari kijana, ndevu zenyewe bado anaziomba ziote, ametazama picha ya uti wa mgongo akasema mifupa yangu imekuwa myepesi, imeingia matundu kama mbao iliyoliwa na mchwa. Nikamwambia huo si ugonjwa wa bibi vizee? Akasema hata wanaume unawapata. Haya, hilo nikalimeza. Akasema iko dripu, unatundikiwa mara moja kwa mwaka, inawazuia hao mchwa. Nikamwambia mkono huu hapa, tundika. Akasema bado mzee, kwanza damu. Damu ikapimwa, akarudi na karatasi, uso kama wa mtu anayeleta msiba. Eti nina upungufu wa vitamini D. Nikauliza hiyo inapatikana wapi. Akasema kwenye jua.

Kwenye jua, mwanangu! Mimi! Mimi niliyeezeka nusu ya mapaa ya mji huu, na nusu nyingine yanavuja kwa sababu sikuyaezeka mimi! Bati la saa saba mchana wenzangu walikuwa wanaligusa kwa kitambaa, mimi nalikalia nakula. Jua likichomoza linaniuliza nimeamkaje. Leo mtoto aliyekulia chini ya dari ananiambia sina jua.

Kanipa vidonge vya kumeza kila wiki, halafu nirudi damu ipimwe tena. Kipimo kikipanda ndiyo nitatundikiwa. Yaani mtihani. Mimi sijafeli mtihani hata mmoja, kwa sababu shule niliiacha kabla haijafika mitihani.

Rafiki yako yule mliyekuwa mnaitwa naye mapacha si yuko maabara ya hapa? Mwambie baba yako si mtu wa kukaa foleni.

Ni mimi baba yako,
fundi wa mapaa, mwingine bado hajazaliwa


13 Februari

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako hapa chumba cha kushonea, nikacheka mpaka wasichana wakazima cherehani kuuliza kuna nini. Nikawasomea ya ndevu.

Lakini Baba, tafadhali, hili usilifanyie mzaha. Nilimpigia daktari wako nikamuuliza yote. Ameniambia hivi, nami nakuelezea kwa lugha yako. Mchwa wakila mbao, unga unaanguka chini. Damu yako siku hizi inaishi kwa kuokota huo unga, ndiyo kalsiamu inayofanya moyo upige na mikono ikunjuke. Dripu ikiingia, mchwa wanaacha kula, na unga hauanguki tena. Sasa kalsiamu itoke kwenye chakula. Na kibarua wa kuibeba kutoka tumboni ni hiyo vitamini D. Kibarua asipokuwepo, damu inakauka kalsiamu ghafla, mtu anakakamaa. Ndiyo maana hawatundiki mpaka kipimo kipande. Si dharau kwa jua lako.

Tena akasema hata mwenye nayo ya kutosha huzidi kuitumia akiwa kwenye dawa hizi, kwa hiyo vidonge vinaendelea hata baada ya dripu.

Pacha nimemwambia. Hajawahi kukuona, alihamishiwa hapo mwaka jana, lakini anakujua kwa hadithi zangu. Amesema ukifika utaje jina tu, atakutoa damu yeye mwenyewe. Baba, huyu ndiye niliyekula naye sahani moja miaka yote ya chuo. Mtendee vizuri, usimtanie sana.

Bado unakaa barazani na wenzako mkicheza karata? Kaa hapo hapo, jua la asubuhi linasaidia.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Kaa kitako, shika kitu. Nimefaulu!

Karatasi imerudi, vitamini imejaa mpaka daktari ameitazama mara mbili. Kasema Mzee, vidonge vimekukubali haraka sana. Nikamwambia si vidonge, ni mtu. Akacheka. Nimemsamehe zile ndevu.

Rafiki yako ni mtu mwema, mambo maabara yalikwenda upesi. Dripu nimeshatundikiwa, nilikaa kwenye kiti kama mwenyekiti, tone moja moja linaingia, mwenzangu wa kiti cha pili analalamika homa homa, mimi namsimulia jinsi nilivyoezeka ghala la pamba wakati wa upepo. Alilala. Nadhani kwa raha.

Barazani nakaa sana. Wenzangu wamechoka kushindwa, siku hizi wanasingizia macho. Baba yako mdogo anakusalimu, bado anapanda mapaa na kukonda kwake kule. Watu wanamwita Msumari, mimi nasema msumari una kichwa.

Baba yako aliyejaa jua


10 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimefika salama. Basi liliharibika njiani lakini sikuona taabu, akili yangu ilikuwa bado wodini kwako.

Sijui kama unakumbuka yote. Siku niliyofika, nilipoambiwa umelazwa, vidole vyako vilikuwa vimejikunja kama umeshika nyundo isiyoonekana, hatukuweza kuvifungua, mimi na nesi. Midomo inakutetema. Uliniambia "Nafa ganzi, mama, nishike," na Baba, hujaniita mama tangu mama mwenyewe afariki. Walikutia kalsiamu kwenye mshipa, taratibu, na mimi nimesimama nahesabu pumzi zako.

Ukiwa umelala daktari aliniita pembeni. Wamepima tena. Vitamini D yako iko chini kabisa, chini kuliko Februari. Kibarua hakuwepo, Baba. Walikutundikia dawa ukiwa mtupu, kwa sababu ya karatasi iliyosema umejaa.

Karatasi ile aliitoa Pacha.

Nilikwenda nyumbani kwake jioni ile ile. Alinifungulia mlango anafurahi, amevaa kanga niliyomnunulia mimi. Nikamuuliza, "Uliandika nini kwenye karatasi ya baba yangu?" Akasema, "Kilichosomwa na mashine." Nikamwambia, "Ulitaka kunifurahisha. Nilikuomba uharakishe, ukaharakisha mpaka na majibu." Akasema, "Mimi? Wewe unaniambia mimi?" Sikumngoja amalize. Kesho yake nilimwandikia mkuu wa hospitali. Leo nimesikia amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

Sijutii. Angekuua. Lakini nimekata kitambaa cha sare leo nimekosea mara mbili, kitambaa cha watu.

Meza vidonge Baba. Vyote, kama walivyokuandikia.

Mwanao


18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mikono imefunguka, ndiyo hii inaandika, ingawa herufi zinayumba kama mlevi.

Nimefikiri sana juu ya barua yako. Nani kakuambia umwandikie mkuu wa hospitali? Ugonjwa ni wangu, mgongo ni wangu, wewe unakwenda kushtaki bila hata kuniuliza. Mimi ningekwambia acha.

Ukweli ni huu, na wewe mwenyewe uliniandikia, barua yako ninayo hapa. Ulisema dawa hizi zinamfanya mtu aitumie vitamini zaidi. Sasa basi! Vitamini ilikuwepo, imejaa, ikaja dripu ikaila yote. Mlaji ni dawa. Wa kushtakiwa ni dawa na yule mwenye ndevu za kuomba aliyeitundika. Wamenisaliti wao, waliniambia inaimarisha mifupa, kumbe ina njaa kuliko mchwa wenyewe.

Huyo binti msimwonee. Mwambie mkuu kwamba mzee mwenyewe amesema ni dawa. Mimi nikisema hapa mjini neno langu linasimama.

Sina mengi.

Baba yako


26 Aprili

Shikamoo Baba,

Hoja yako nilimpelekea daktari kama ulivyoiandika. Hakucheka. Alisema ni kweli dawa inaweza kukishusha kipimo kidogo, kwa wiki na miezi, ndiyo maana vidonge haviachwi. Lakini kutoka kujaa mpaka kukauka kwa siku chache vile, haiwezekani. Alisema, "Dawa inakula kilichomo, dada. Haiwezi kula kilichokuwa hakimo." Kwa hiyo damu ile haikuwa sawa tangu mwanzo.

Basi nikampigia Pacha. Nilitaka nimsikie akikiri, nimalizane naye. Hakupokea. Siku ya tatu alipokea yeye mwenyewe, akasema hana cha kuniambia ila kimoja, niende nacho popote nitakapo. Nayaandika maneno yake:

"Baba yako nilimtoa damu kwa mkono wangu. Nilimtania, nikamwambia mzee nasikia wewe ndiye uliyeezeka mji. Akasema hapana, tulikuwa wengi. Akanyoosha mkono, akasema asante, akaondoka. Nikasema moyoni, mbona mwenzangu alinidanganya, mzee mwenyewe mpole hivi."

Baba.

Nimekujua maisha yangu yote. Ulipomzika mama ulisimama ukawaambia waombolezaji kwamba paa la kanisa ni kazi yako. Hujawahi kusema "tulikuwa wengi" juu ya kitu chochote.

Nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza mzazi, kwa heshima zote. Ni nani aliyekwenda maabara siku ile?

Mwanao


2 Mei

Wewe mtoto,

Leo sijibu shikamoo. Mtu anayemwita baba yake mwongo hana haja ya marahaba.

Mimi ndiye niliyekubeba begani ukiwa na surua, mpaka hospitali kwa miguu. Leo unanihoji kama askari wa doria. Neno la mgeni mwenye sindano limekuwa zito kuliko la baba yako! Kumbe ndiyo maana mtu anasomesha watoto, wapate maneno ya kumpigia nayo.

Siku ile nilikuwa mpole kwa sababu nilikuwa na njaa. Walinikataza kula. Mtu mwenye njaa hazungumzi. Basi, umeridhika?

Usimwandikie baba yako mdogo kumchimba. Naona dalili. Huyo hajui kitu, tena hajui kuandika vizuri kama mimi.

Fundi wa mapaa


5 Mei

Kwa binti wa kaka,

Salamu. Barua yako niliipata kwa dereva wa basi. Mimi si mwandishi, nimeandika nikiwa kazini juu ya kipande cha mbao, uniwie radhi.

Ni mimi niliyekwenda. Kaka alinipa kadi yake ya hospitali akasema Msumari, sisi baba mmoja mama mmoja, tofauti yetu ni kwamba wewe ulichelewa kutoka. Nenda kanitolee damu. Nikasema kaka si vizuri. Akasema toka lini mdogo akamfundisha mkubwa. Mimi nashinda juani kila siku, kwa hiyo ilijaa. Sikujua ni jambo la kuua mtu. Nilidhani ni karatasi tu, kama kibali.

Vidonge hamezi. Viko vyote kwenye kopo chini ya kitanda, anasema jua la kidonge ni la watu wa ofisini.

Na barazani hakai, binti yangu. Haendi popote. Tangu mgongo ulipopinda, yapata miaka minne sasa, anashinda chumbani na pazia limefungwa. Wenzake wa karata walikuja mara nyingi, akaniagiza niseme amesafiri. Hataki waone fundi wa mapaa anatazama chini kama mtu anayetafuta sarafu. Nikifungua dirisha analifunga. Kwako anaandika anavyotaka awe.

Nilitaka kukuambia alipolazwa. Aliniangalia tu pale kitandani na ile mikono imekunjana, nikashindwa.

Najua atanifukuza. Lakini yule dada alinitoa damu bila kuniumiza, na akaniambia pole, mzee. Silali nikimkumbuka.

Baba yako mdogo


12 Mei

Baba,

Kwa hiyo ni kweli.

Nilikaa na barua ya baba mdogo siku nzima kabla ya kushika kalamu. Nilitaka nianze na hasira, nikajikuta nalilia pazia. Miaka minne, Baba, ambayo sikukanyaga nyumbani, na Aprili nilikuona umelala tu. Miaka minne ya barua za barazani na ushindi wa karata, na mimi nikiwasomea wasichana hapa kazini, tukicheka. Ulikuwa umekaa gizani unaniandikia jua.

Hilo la mgongo ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Ningekuja tukatoke wote, wakutazame, na mimi niwatazame wao.

Lakini ulilala hospitali, ukanisikia kwa sikio lako la kushoto nikisema nakwenda kwa Pacha, ukanyamaza. Nikakuandikia kwamba amesimamishwa kazi, ukanijibu kwamba dawa ina njaa. Ulichukua maneno yangu mwenyewe, niliyokuandikia kwa kukuhofia, ukayageuza ngao. Ungeweza kumwokoa kwa mstari mmoja. Uliandika ukurasa mzima kuuzunguka mstari huo.

Nilimwita mwongo mtu aliyekuwa akisema kweli, kwa ajili ya mtu aliyekuwa akisema uongo. Usaliti huo niliujenga mimi, lakini mbao ulinipa wewe.

Tarehe ishirini kamati ya hospitali inakaa. Wasipopata maelezo mengine, wanamfukuza kabisa, na hakuna maabara nyingine itakayompokea. Mimi nimeshaandika kufuta mashtaka yangu. Wamenijibu kwamba barua ya mtu aliye mbali haitoshi, wanataka mgonjwa mwenyewe aje na damu yake.

Sikuombi. Nilikuwa naomba zamani.

Mwanao


22 Mei

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa ya kumtukana Msumari, kikulacho ki nguoni mwako, na mengine ambayo mtoto wa kike hasomi. Nilimfukuza kweli. Alikwenda akakaa nje mlangoni na kisanduku chake, usiku kucha, kwa sababu hana pa kwenda na kwa sababu alijua nitahitaji wa kunishika mkono barabarani. Asubuhi tulitoka wote.

Nilikuwa nimesahau jua lilivyo kali. Nilifumba macho. Njia nzima niliona viatu vya watu tu, ndiyo mgongo wangu unavyoniruhusu, lakini sauti nilizijua. Mmoja akasema, "Si yule aliyesafiri?" Mwingine akasema, "Kumbe ndivyo alivyorudi." Nilikuwa na majibu mazuri, lakini ningeyatoa nisingefika.

Kwenye kamati wamekaa watu watano na glasi za maji. Wakaniambia mzee eleza. Nikaanza na ghala la pamba. Mama mmoja aliyevaa miwani akasema, "Mzee, damu." Nikasema damu ile haikuwa yangu. Wakauliza ya nani. Nikasema ya mdogo wangu, nilimtuma mimi, yeye hana kosa, na binti wa maabara hana kosa, alisoma kilichokuwemo. Wakauliza kwa nini. Nikasema nilikuwa sitaki kuonekana nimeishiwa. Wakaandika hilo. Kwenye karatasi lilikuwa jambo fupi sana.

Wakaniambia nitolewe damu mbele yao, mimi na Msumari, wazilinganishe na ile ya karatasi. Wakamwita yule binti wa maabara mwenyewe aje atoe.

Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Akanifunga mpira mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, mshipa huu umepandisha mabati elfu." Hakucheka. Akashika kichupa na kalamu, akaniuliza jina. Nikamtajia. Hakuandika. Akaniangalia, si kwa ubaya, kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukanyaga. Akaniuliza, "Una uhakika ni wewe?"

Nikatafuta neno. Mimi. Sikulipata. Nikatikisa kichwa kukubali, kama mtoto.

Damu zimelinganishwa. Ile ya kwanza imeonekana ni ya Msumari, yangu ni kavu bado. Amerudishwa kazini jana. Vidonge nimeanza, Msumari anasimama mbele yangu mpaka nimeze, halafu ananifungua mdomo kutazama. Dripu nyingine haitatundikwa mpaka mwakani, na kabla yake watanipima, na nesi atanisindikiza mpaka kwenye kiti.

Wakati nafungwa pamba nilimwambia yule binti kwamba wewe unalia, kwamba ulidanganywa na mimi, kwamba utakuja Jumamosi kumwomba radhi kwa magoti. Akaweka vichupa vyake sawa, akasema: "Mwambie asije. Wewe ulinidanganya hunijui. Yeye alikuwa ananijua."

Nimekuletea kama alivyosema. Sikuongeza neno.

Baba yako